Mahari ya Mama

Nilikwenda kuagiza meza. Nimejenga nyumba Kitale, nyumba ya mawe yenye vyumba vitano na tangi la maji juu ya mnara, na sioni kwa nini niifiche. Nimeijenga mwenyewe. Sikuwa na mume wa kunisaidia wala mjomba serikalini. Nilikuwa na diploma yangu ya misitu, miaka minane ya kuotesha miti Uarabuni ambako mchanga unaunguza kiatu, na kichwa ambacho Mungu hakunipa bure. Nyumba kama hiyo haiingizwi meza ya plastiki. Basi nikaenda kwa seremala mmoja nyuma ya soko, mzee mwenye penseli sikioni, nikamwambia nataka meza ya watu kumi.

"Madam una familia kubwa," akasema.

"Nina chumba kikubwa," nikamjibu.

Akacheka, akavuta ubao mmoja mweusi wa vumbi kutoka chini ya magunia. "Hii ni elgoni ya zamani. Nilipata kwa mtu alikuwa anabomoa stoo. Siku hizi huipati, hata ulie." Akaufunga ubao kwenye meza yake ya kazi, akapiga randa mara mbili, tatu. Maranda yakajikunja na kuanguka juu ya viatu vyangu. Ndipo ikanijia ile harufu, kama asali iliyoungulia sufuriani, na nyuma yake kitu kichungu. Nikaketi juu ya rundo la mbao za watu na gauni langu zuri.

"Madam, kama ni bei tunaweza kuongea," akasema seremala kwa hofu.

Haikuwa bei. Harufu hiyo nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani, nikiwa na miaka minane, juu ya Cheptais, siku niliyowaonyesha watu wa mbao njia.

*

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Shule zilikuwa zimefanywa za bure, na madarasa yakajaa hadi mwalimu akafundishia mlangoni. Simu ya mkononi ilikuwa ya mtu mmoja kijijini, naye aliitembeza kama mtoto mchanga akiitafutia mtandao. Sisi tulikaa nje kidogo ya Kitale, katika shamba la mahindi ambako baba aliendesha trekta. Mwenye shamba na majirani zetu walikuwa watu wa mkoa wa Kati, waliohamia Trans-Nzoia zamani. Jirani wa karibu kabisa alikuwa Mama Shiru, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu mashambani, na kwake ndiko nilikojifunza jambo ambalo baadaye liliniharibia maisha.

Dada yake mdogo alikuwa ameolewa, ndoa ikavunjika. Asubuhi moja niliona ng'ombe watatu wakitolewa zizini kwa Mama Shiru, wakapelekwa barabarani na wazee wawili. Jioni ya siku iyo hiyo yule dada akaingia kwa lango lile lile, sanduku lake likisukumwa kwenye mkokoteni.

"Ng'ombe wameenda wapi?" nikauliza.

"Wamerudi kwa wenyewe. Ilikuwa mahari," akasema Mama Shiru akichambua maharagwe. "Mahari ikirudi, msichana naye anarudi kwao. Ni hivyo tu. Wewe toa hiyo mikono kwa maharagwe."

Nililiweka kichwani kama lilivyo. Asubuhi mahari inatoka langoni, jioni msichana anaingia. Mimi nilikuwa mtoto mwerevu sana, walimu wote walisema hivyo, na kosa la mtoto mwerevu ni kwamba akishapata kanuni haiachi.

Kisha mama akaugua tumbo akapelekwa hospitalini, na mimi siku zizo hizo nikashikwa na surua. Nililazwa kwa Mama Shiru katika chumba chenye pazia jeusi. Siku nyingi zikapita. Nilipopona, baba alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akanitazama kama mtu aliyesahau alichotumwa. "Tunaenda kwa Kukhu," akasema. Kukhu ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama yake mama. Sikujua kwamba tulikuwa tumeipita njia ya Kabuchai, kwao baba, ambako katikati ya miwa kulikuwa na kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Watoto hawakuambiwa mambo hayo. Sijui kama nyinyi mliambiwa.

Kukhu alikuwa amesimama uani, mwembamba, kichwa kimefungwa leso ya kanisa. Akanivuta kifuani, nikasikia moshi na maziwa. Akasema, "Usilie, mayi. Mama yako ameenda mahari mzuri."

Mayi maana yake ni mama. Kule msichana yeyote huitwa hivyo. Lakini neno lililonikaa ni lile lingine. Sasa ninajua alitaka kusema mahali. Watu wetu wa Bungoma, l na r kwao ni mapacha wanaovaliana nguo, na Kukhu hakupata kulitamka neno mahali hata siku moja. Na kama angesema mahali pazuri, pengine lile "pa" lingenifungua masikio. Lakini Kiswahili cha Kukhu kilikuwa cha sokoni, hakikuhangaika na mapambo. Mahari mzuri. Mimi nikaelewa kwamba mama ameolewa kwingine, na kwamba waliomchukua wametoa vizuri.

Sikulia. Nilikasirika kidogo kwamba hakuniaga, lakini aliyeolewa si aliyepotea. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba anaweza kurudi.

*

Nyumba ya Kukhu, juu ya Cheptais, ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Nyuma yake ardhi ilipanda, na udongo ulikuwa mweusi, mwepesi, wenye vijiwe vilivyojaa matundu kama mkate. Kukhu alisema mlima huu zamani ulikuwa jiko, ukapika hadi ukamwaga majivu kote, na sisi tunalima majivu hayo. Nimekuja kusoma habari za volkeno darasani, kwa michoro na majina marefu, nikapata alama za juu kuliko wavulana wote. Hakuna lililosemwa pale lililozidi maneno ya Kukhu.

Nilikuwa peke yangu kwa namna ambayo sijawahi kuwa tena, hata Uarabuni. Baba alirudi kwa trekta yake. Shuleni watoto walikuwa wamejuana tangu kuzaliwa, na walinicheka kwa jinsi nilivyosema maneno. "Mtu wa Kitale, ati chakula. Si useme chakura kama watu!" Wakati wa mapumziko nilikaa juu ya jiwe nikihesabu mbega kwenye matawi ya mbali, wale kima weusi wenye mikia mieupe kama mashuka yaliyoanikwa. Ilikuwa rahisi kuwapenda. Hawakuwa na lafudhi.

Jumamosi Kukhu alinichukua pangoni. Njia ilianzia nyuma ya zizi, lakini usingeijua, maana mwanzoni alikuwa ameiziba kwa matawi ya miba. Aliyatoa moja moja, tukapita, akayarudisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Wanawake wa upande ule walikuwa wamempa Kukhu kazi ya kulinda njia, kama mama yake kabla yake, na waliotaka kupeleka ng'ombe kulamba chumvi walipitia kwake kwanza. Hata mwenye simu wa kijiji kile, aliyepanda juu ya mwamba wa pango kutafuta mtandao, alipiga hodi kwa Kukhu na kuvua kofia.

Pango lilikuwa pana kama kanisa. Kuta zake zilikuwa za majivu yaliyoganda kuwa mwamba, na ukigusa kwa ulimi unapata chumvi. Kukhu alinionyesha mikwaruzo mirefu juu kuliko kichwa chake, akasema ni ya pembe za ndovu waliokuja kuchimba chumvi hiyo zamani. Akanionyesha mawe matatu meusi ya jiko, ya watu waliokaa humo na mifugo yao kabla nyumba hazijajengwa chini. Ndani kabisa popo walikuwa wanalia kwa sauti ndogo kama milango inayohitaji mafuta.

Lakini kabla ya kuingia alinisimamisha. Mdomoni mwa pango kulikuwa na mawe mawili laini, ya saizi ya viazi. Akaniwekea mikononi.

"Bisha."

"Hakuna mlango, Kukhu."

"Mulango hakuna, lakini ni nyumba ya watu. Bisha, useme wewe ni mutoto wa nani."

Nikagonga mawe. Ko, ko. Nikasema, "Mimi ni wa Kitale."

Pango likajibu, "...tale."

Kukhu akacheka hadi akashika magoti. "Pango haijui Kitale! Hiyo ni nani, Kitale? Sema mama yako."

Nikakataa. Sikumwambia kwa nini. Niliogopa kwamba nikilitaja jina la mama kwa sauti, pango litalirudisha nusu.

Kando ya pango, ambako maji yalidondoka mwaka mzima, kulikuwa na miti minne mikubwa, mirefu na iliyonyooka, ile migumu ambayo watu wa mbao huiita elgoni. Kukhu alikwenda moja kwa moja hadi ule uliokuwa karibu na maji, akaweka kiganja juu ya gome lake kama unavyompima mtoto homa. "Hii," akasema, "ndiyo mahari ya mama yako."

Nikautazama kutoka chini hadi juu. Sikuona mwisho wake.

"Yote?"

"Huu mumoja. Hizo ingine ni ya mama zako wadogo. Ile ya Malakisi, ile ya Kabuchai, na ile ya kitinda mimba aliolewa Kimilili."

Basi kila kitu kikakaa sawa. Mama wadogo wote watatu walikuwa wameolewa kweli, nilikuwa nimewaona na waume zao. Kila msichana wa Kukhu na mahari yake, imesimama hapa, na mama naye. Nikakumbuka zizi la Mama Shiru. Nikaweka kiganja changu chini ya cha Kukhu, na moyo wangu ulikuwa unafanya hesabu.

*

Watu wa mbao walifika wakati wa likizo, siku ya soko Cheptais. Kukhu alikuwa ameondoka na ndizi zake kichwani. Walikuwa watatu, na aliyewaongoza alivaa gambuti nyeusi na kubeba msumeno wa mashine begani, ule watu waliouita pawa. Nilikuwa nimeketi langoni nikimenya muwa.

"Sasa, msichana. Mwenye boma ako?"

"Ameenda soko."

"Ati huku juu kuna pango," akasema mwenye gambuti, akitazama kila mahali isipokuwa usoni pangu. "Ati kuna miti mikubwa. Tumezunguka tangu asubuhi, tunapata miba tu."

Mwenzake akasema, "Achana na mtoto, bana. Hawa hufundishwa kunyamaza."

Nikawauliza swali moja. Nalikumbuka kama nililiuliza jana. "Mkichukua mti, mnaupeleka wapi?"

"Mbali, msichana. Kitale."

Kitale! Wale ng'ombe watatu walirudishwa kwa wenyewe. Mahari ya mama nayo inarudi Kitale, ambako mama alikuwa nami mara ya mwisho, ambako bila shaka alikuwa mpaka sasa, katika nyumba fulani nisiyoijua, akingoja mahari yake itoke ili aingie. Nikautupa muwa. Nikatoa matawi ya miba moja moja kama nilivyoona Kukhu akifanya. Mwiba mmoja uliniingia kidoleni, na sikuutoa, nisije nikachelewa.

Tulipofika pangoni nilichukua yale mawe mawili nikabisha. Adabu ni adabu. Mwenye gambuti akasema, "Huyu anafanya nini?" na wenzake wakacheka. Kisha nikawapeleka penye maji nikaweka mkono juu ya gome.

"Ni huu tu," nikasema. "Hii mingine msiguse, ni ya mama zangu wadogo."

"Sawa, mkubwa," akasema, akanipigia saluti.

Na kwa kweli hawakuigusa ile mingine. Nimefikiria jambo hilo miaka mingi. Labda siku iliwaishia. Labda yule mtu alikuwa na binti.

Sauti ya pawa ilijaza pango, ikatoka tena maradufu. Harufu ikaja, asali iliyoungua na uchungu nyuma yake, na unga wa mti ukanyesha juu ya nywele zangu. Mbega wakatoka mtini mmoja baada ya mwingine, wakiruka huku watoto wao wameng'ang'ania matumboni. Mti uliposhuka, ardhi yote ile ya majivu iliruka chini ya miguu yangu, na kutoka pangoni popo wakamwagika nje mchana kweupe, wengi hadi wakafanya kivuli, wakazunguka na kuzunguka, hawajui pa kwenda. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Lakini nilijiambia kwamba wale ng'ombe watatu pia walikuwa wamelia walipotolewa zizini.

Sikungoja waupasue. Nilishuka mbio. Nikaoga kwa maji ya mtungini, nikajipaka mafuta miguuni, nikavaa gauni langu la Krismasi, la manjano, ambalo mama alinishonea na lilikuwa limeanza kunibana makwapani. Nikaketi langoni, nikiitazama njia. Asubuhi mahari inatoka, jioni msichana anaingia. Nilitenga hata kigoda cha pili.

Jua lilikuwa linagusa mlima Kukhu alipotokea njiani, karai tupu mkononi. Aliniona toka mbali. Alipofika akatazama gauni, kigoda, miguu yangu inayong'aa.

"Mayi, kuna nini? Unangoja nani?"

"Mama," nikasema. "Mahari yake imerudi Kitale. Nimewaonyesha."

Hakunielewa. Alisimama hivyo hivyo na tabasamu la mtu anayesubiri mwisho wa hadithi. Kisha akaona unga wa mti kwenye nywele zangu ambao maji hayakuutoa. Akaokota kipande kidogo kutoka sikioni mwangu, akakinusa. Karai likamponyoka, likazunguka chini likilia, na sisi wote wawili tukalitazama hadi liliponyamaza.

Alikwenda juu akikimbia, mwanamke wa umri ule. Aliporudi alikuwa anatembea polepole sana. Nilidhani atanichapa, na nilikuwa tayari, ilimradi aniambie mama anakuja saa ngapi. Aliketi kwenye kile kigoda nilichomwekea mama. Nikamweleza kila kitu, ng'ombe wa Mama Shiru, sanduku kwenye mkokoteni, mahari ikirudi msichana naye anarudi kwao. Aliweka mkono mdomoni.

"Hapana, mayi. Mimi sikusema mahari. Nilisema mahari."

"Ndiyo, Kukhu. Mahari."

"Si mahari ya ng'ombe! Mahari! Ma-ha-ri!" Alijaribu tena, na tena, ulimi ukimpeleka pale pale kila mara, machozi yakianza kumtoka, na kama mtu mwingine angepita njiani angedhani tunacheza. Mwishowe akapiga ardhi kwa kiganja. "Hapa! Ile ya kukaa! Hapa, hapa! Mama yako alizaliwa, kitovu yake nikazika hapo kwa maji, nikapanda muche juu. Hiyo mti ni yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki."

"Imebaki wapi? Mama ako Kitale."

Kukhu alinishika mashavu kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa baridi na ilinuka ndizi.

"Mama yako amekufa," akasema.

Neno hilo aliweza kulitamka. Halina l wala r.

*

Siku chache baadaye wanawake wa upande ule walikusanyika pangoni. Nilikwenda, kwa sababu Kukhu hakuwa na wa kumwachia. Walikizunguka kisiki, wakaugusa utomvu, wakatazama dari ambako popo walikuwa wamerudi nusu tu. Mmoja, mwanamke mrefu mwenye pengo, akauliza, "Nani alifungua njia?"

Mimi nilikuwa nyuma ya sketi ya Kukhu. Ningeweza kusema. Kidole changu kilikuwa bado kimevimba kwa mwiba.

"Ni mimi nilisahau kufunga," akasema Kukhu. "Nilikuwa na haraka ya soko."

"Wewe? Kusahau?"

"Nimezeeka, bana. Si mnaona?"

Kazi ya kulinda njia akapewa yule mwenye pengo. Tangu siku ile watu waliopeleka ng'ombe kwenye chumvi hawakupiga hodi kwetu. Walipita ng'ambo ya ua, tukasikia kengele tu. Mwenye simu hakuvua kofia tena. Kukhu alikuwa na mimi, na mimi nilikuwa naye, na hatukulitaja jambo lile hata mara moja. Lakini kila asubuhi, kabla ya uji, alikuwa anatoka peke yake kwenda juu, akirudi na macho mekundu na mikono yenye damu damu. Nilijua anakwenda kulia pale kisikini. Niliona mikwaruzo nikadhani ni vile wazee wanavyoomboleza. Mimi ndiye niliyemfanya akose kazi yake, na kila asubuhi nilifumba macho nikajifanya nimelala.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilisoma kama mtu anayechimba. Nikashika nambari ya kwanza mwaka baada ya mwaka, nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikachukua diploma ya misitu kwa heshima, na walioniita Mtu wa Kitale wakaanza kunitumia salamu. Leo nina kitalu cha miche ya asili, podo, mikuyu na elgoni, na nitasema bila aibu kwamba hakuna kilicho kikubwa kama changu upande huu wote. Wenye shule huja, wageni wa kutoka mbali huja wakapiga picha. Kukhu alifariki nikiwa Uarabuni, na kandarasi haikuniruhusu kuja. Mazishi mawili, na yote mawili nimeyakosa. Tangu nirudi, miaka miwili nilikuwa sijapanda Cheptais. Nilisema nina kazi nyingi, na ilikuwa kweli.

Siku ya pili baada ya harufu ile ya seremala nilipakia miche kumi ya elgoni kwenye pikapu, nikaenda. Katika nyumba ya Kukhu sasa anakaa mama mdogo wa Malakisi, aliyerudi baada ya mumewe kufa. Alinitazama nikishusha miche, waya na vigingi, akaguna.

"Hiyo yote ya nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ninayoitumia kuwaeleza wageni, kwamba nataka kuanzisha upya miti pale pangoni, na kwamba mche wa asili lazima uwekewe ua, mbuzi wasiufikie, angalau miaka kadhaa ya mwanzo.

"Aa," akasema mama mdogo. "Kama Kukhu."

"Kama Kukhu vipi?"

"Kwani hukujua? Si kila asubuhi alikuwa anabeba miba? Hadi mwaka wa kufa. Tulimwambia, mama, wewe si mlinzi tena, kaa chini. Wapi! Tukasema ni uzee."

Nikaacha miche pale pale. Nikapanda.

Miti mitatu ilikuwa imesimama. Penye maji kulikuwa na ua wa miba, mviringo, mnene, ya juu imekauka rangi ya kijivu, ya chini imeoza ikawa udongo, mzigo juu ya mzigo, asubuhi juu ya asubuhi. Katikati yake kile kisiki kilikuwa karibu hakionekani. Kilikuwa kimechipua. Machipukizi matatu, yamenyooka, yananipita kimo mara mbili, na juu ya mojawapo mbega mmoja alikuwa anajikuna. Darasani tuliambiwa kwamba kisiki cha mti ule huchipua kisipotafunwa. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani. Kukhu alikuwa amelijua pasipo mtihani wowote, na alinipita akienda kulifanyia kazi huku mimi nimefumba macho kitandani.

Ule ubao wa seremala niliununua. Umeegemea ukutani sebuleni, sitautengeneza kitu. Meza niliagiza ya mti mwingine, ya watu wawili.

Lakini siku ile, kutoka pale kisikini, nikarudi mdomoni mwa pango. Mawe mawili yalikuwa bado pale, laini zaidi kuliko nilivyoyaacha. Nikabisha. Kisha nikasema mimi ni mtoto wa nani, jina la mama lote, kwa sauti, na pango likalirudisha nusu, kama nilivyoogopa. Ile nusu nyingine nikaisema mwenyewe. Mimi hufundisha watu Kiswahili sanifu kitaluni kwangu, hata vibarua nawasahihisha. Lakini niliporudi penye maji nikauwekea ule ua kiganja, neno lilinitoka kama lilivyokuwa mdomoni mwa Kukhu, na sikulisahihisha.

"Hii," nikasema, "ndiyo mahari ya mama yangu."